Baki ya Nauli

Wahenga walisema kuwa milima haikutani, lakini binadamu hukutana. Methali hii hutumiwa aghalabu kwa furaha au kwa onyo; ni nadra kutumiwa kwa haya. Hata hivyo, yako makutano yasiyoleta ila haya: ya watu wawili waliopendana zamani, wakaachana bila ugomvi, kisha njia ikawakutanisha bila hiari yao. Je, watu kama hao wanadaiana nini?

Swali hili limo katika wimbo uitwao "Taxi", uliotungwa na kuimbwa na Harry Chapin wa Marekani mwaka 1972. Msimulizi wake ni dereva wa teksi mjini San Francisco. Usiku wa mvua anasimamishwa na mwanamke aliyevaa gauni la fahari. Dereva anahisi kuwa uso ule si mgeni kwake. Mwanamke anamwambia kuwa amekosea, kisha ananyamaza. Baadaye anatazama kioo, anasoma jina katika leseni, na tabasamu la huzuni linamjia polepole. Ujanani mwao, mwanamke alitaka kuwa mwigizaji wa jukwaani, na mwanamume alitaka kujifunza kurusha ndege. Sasa mmoja anarudi katika nyumba yenye lango na bustani. Wa pili anaishi kwa bakshishi. Nauli ni dola 2.50. Mwanamke anatoa noti ya dola 20, wala hataki baki. Dereva anaitia noti katika shati lake.

Wengi wausikiao wimbo huu hukwama katika noti hiyo. Wako wasemao kuwa mwanamke alimtukana mwenzake kwa kumfanya mtumishi. Wako wasemao kuwa mwanamume alijidhalilisha, na kwamba muungwana angalirudisha dola 17.50 hadi senti ya mwisho. Wote wawili hushika msemo wa kale, fedha fedheha, na kudhani kuwa shauri limekwisha.

Lakini hukumu hiyo ina haraka. Kabla ya kuuliza nani alitukanwa, yafaa kuuliza haya yao ilitoka wapi. Haikutoka katika umaskini peke yake, kwani mwenye gauni naye aliona haya, na ndiye aliyekana kwanza. Ilitoka katika jambo jingine: kila mmoja alikuwa shahidi wa ndoto ya mwenzake. Majirani wa mwanamke wanamjua kuwa bibi wa nyumba nzuri. Dereva peke yake ndiye ajuaye kuwa alitaka jukwaa. Abiria wengine wanamwona mwanamume kuwa dereva tu. Huyu mmoja anajua kuwa alitaka mbingu. Wimbo wenyewe unafunga kwa kejeli chungu: mwanamke ameupata uigizaji, maana anaigiza furaha nyumbani kwake, na mwanamume ameupata urukaji, maana hupaa kwa ulevi.

Kama ndivyo, deni lililobaki baina yao si la mapenzi, kwa kuwa wote wawili waliondoka kwa hiari, na aliyeondoka kwa hiari hawezi kulia kuwa ametupwa. Dereva mwenyewe anakiri hivyo: mtu mwingine angaliona uchungu, lakini mtu mwingine asingalimwacha aende. Deni lililobaki ni la ushahidi. Shahidi wa ndoto iliyokufa anadaiwa stahi; asitoe ushahidi ambao hakuulizwa.

Hapa pana pingamizi nzito. Ikiwa dereva alinyamaza kisha akapokea fedha, je, hakuuza kimya chake? Jibu limo katika mpangilio wa wimbo. Kimya kilitangulia. Mazungumzo yalikuwa yamekwisha kabla gari halijapita langoni, na noti ilitolewa baadaye. Kitu kilichokwisha kutolewa bure hakiwezi kununuliwa tena. Mwanamke alitoa alichokuwa nacho, kwa kuwa hakujua kitu kingine cha kutoa. Na ahadi yake ya kuonana tena wote wawili waliifahamu kuwa ni ya adabu tu. Kuirudisha noti kungalimlazimisha ajieleze pale mlangoni, na kumwonyesha kuwa shahidi ameanza kusema. Majivuno ya dereva yangalisalimika, na stahi ingalivunjika.

Haya hayamfanyi dereva kuwa shujaa. Alihitaji fedha, naye hakuificha haja hiyo. Lakini tendo moja laweza kubeba haja na heshima pamoja, na haja haiifuti heshima. Mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake, Chapin alitoa wimbo wa pili kuhusu watu hao hao. Kurudi kwake kwao kwaonyesha kuwa hesabu yao haikuisha kwa noti ile. Nauli hulipwa na baki yake huhesabika. Ujuzi walio nao juu ya maisha ambayo hawakuyaishi haulipiki. Huo hutunzwa tu, na ndio uliotunzwa usiku ule.