Bei ni habari, tusiizibe mdomo

Kila Mwezi Mtukufu wa Ramadhani unapokaribia, sukari, tambi na mchele hupanda bei, nasi Waislamu wa Temeke na Kinondoni huanza kuuliza: kwa nini Serikali isitupangie bei? Swali hili ni la haki, maana anayeumia ni masikini. Lakini tujiulize kwanza, bei ni kitu gani?

Mimi naona bei ni habari. Mama ntilie wa Tandika hajui kama mvua imekosekana Kyela. Anachojua ni kuwa mchele umepanda, basi anapiga hesabu: apunguze wali, aongeze ugali. Mfanyabiashara wa Tandale naye akiitazama bei hiyo hiyo anaona inalipa kupeleka lori mbali zaidi. Hakuna aliyewaamrisha. Ukiificha habari hiyo, wote wawili wanapiga hesabu gizani.

Haya tumeshayaona. Mwaka 1973 iliundwa Tume ya Taifa ya Bei. Bei zikawa nafuu kwenye karatasi, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu walipanga foleni kusaka sukari na sabuni, na bidhaa zikapita mlango wa nyuma. Mwaka 1983 wakakamatwa walioitwa wahujumu uchumi, uhaba haukwisha. Nafuu ilianza biashara ilipolegezwa mwaka 1984. Mwaka 2016 tena, uagizaji ukiwa umebanwa, ilitangazwa bei elekezi ya sukari ya shilingi 1,800 kwa kilo. Kabla ya Ramadhani sukari ikaadimika, na iliyopatikana ikauzwa zaidi ya hapo.

Imepokewa kutoka kwa Anas (r.a.) kuwa bei zilipopanda Madina, watu walimwomba Mtume (s.a.w.) awapangie. Alikataa, akichelea kukutana na Mola wake huku kuna mtu anamdai dhulma ya mali. Lakini ni yeye huyo huyo aliyekemea ihtikari, yaani kuficha bidhaa ili zipande. Ibn Taymiyya naye aliona mtawala anaweza kuingilia kati pale wauzaji wanapohodhi kitu ambacho watu wanakihitaji.

Basi tutofautishe. Bei iliyopanda kwa uhaba inasema kweli. Iliyopandishwa na ghala lililofungwa kufuli inasema uongo, na mwenye ghala hilo ndiye wa kuandamwa.

Na masikini je? Bei hutuambia mchele umepungua wapi, haituambii nani amelala na njaa. Hiyo ni kazi ya zaka na sadaka, na hapo hatuna wa kumlaumu isipokuwa sisi wenyewe.

Wallahu a'alam.