Utatii Lini?

Jumapili umeimba mpaka sauti ikakauka. Umepeleka sadaka ukicheza, umepiga magoti, umelia.

Jumatatu je?

Jumatatu uko machimboni Kailo, unatia mchanga mzito katika gunia la kasiterite ili kilo zipande. Au wewe ndiye mnunuzi, na siri ya mizani yako unaijua mwenyewe. Au umekaa ofisini, na karatasi ya mjane haitoki mpaka alete matabishi.

Halafu usiku unamwomba Mungu akupe amani!

Amani ipite wapi?

Unafunga siku tatu, unazunguka vyumba vya maombi, unatafuta wa kukuwekea mikono. Kufunga ni kuzuri, sikatai. Lakini lile jambo ambalo Mungu anakudai tangu mwaka jana, unalijua. Unalijua vizuri! Hukukosa ufunuo. Umekosa kutii.

Wala usiniambie utakatifu ni wa mapadre na masista. Floribert Bwana Chui hakuwa padre. Alikuwa kijana wa mashariki hii hii yetu, wa Goma, mfanyakazi wa ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa. Mwaka 2007 mzigo wa chakula kilichooza ulitaka kupita mikononi mwake. Akaletewa pesa afumbe macho. Akakataa. Akabanwa tena. Akakataa tena.

Alikuwa na miaka 26.

Angeweza kusema kila mtu anakula. Angeweza kusema, nisipopitisha mimi, mwingine atapitisha. Visingizio vyako vyote alikuwa navyo, asivitumie hata kimoja! Akitoka kazini alikuwa rafiki wa maibobo, wale watoto wa barabarani. Chakula kile kingeishia tumboni mwa nani, kama si mwa maskini kama wao?

Julai ya mwaka ule ule alitekwa, akateswa, akauawa. Tarehe 15 Juni 2025, mjini Roma, Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenyeheri.

"Basi utii umemuua. Amani iko wapi?" Nilijua utauliza. Hofu aliipata, nadhani. Alikuwa mtu kama wewe. Ila amani ya Kristo haingoji maadui waishe. Ingengoja hivyo, sisi wa Kongo tungeionja lini? Inakaa kwa mtu ambaye dhamiri yake haimdai kitu, mtu asiye na bei.

Bei yako wewe ni franga ngapi?

Usishushe macho. Wewe unayebeba gunia la kilo 50 mgongoni, matope mpaka magotini! Wewe unayesukuma baiskeli yenye mzigo mpaka Kindu, kilima baada ya kilima! Wewe huyo huyo ndiye unayeniambia huna nguvu ya kusema "hapana"?

Nguvu unayo. Imelala tu. Iamshe!

Na usianze na makubwa. Hakuna aliyekuomba damu leo. Mungu anakuomba mchanga utoke kwenye gunia. Anakuomba karatasi ya yule mama itiwe muhuri bure. Utarudi nyumbani na pesa kidogo, ndiyo, na mke atauliza. Mwambie ukweli, huo nao ni utii.

Kuna mtu uliyempunja. Sura yake imekujia sasa hivi, na deni lake unalikumbuka. Jua halijazama, na kwake unapajua.

Mbona bado umekaa?