Uso wa Mgombea na Moyo Wake

Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Methali hii ni ya kale kuliko masanduku ya kura, lakini hakuna mahali inapohitajiwa leo kuliko katika uwanja wa mkutano wa siasa. Mpiga kura aweza kujuaje kwamba mgombea anayesimama mbele yake asema lile analoliamini? Nakuomba, msomaji, usilidhani swali hili kuwa la wazee peke yao. Utakapotimiza umri wa miaka 18 utakuwa na haki ya kujiandikisha na kupiga kura, na swali hili litakuwa lako.

Yafaa kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuwa mnyofu ni jambo la moyo. Kuonekana mnyofu ni jambo la uso na sauti. Sauti hufundishika, na tabasamu huvaliwa kama kanzu ya sikukuu. Tena, mtu mkweli aweza kugugumiza jukwaani hata akadhaniwa anaficha neno. Basi mwenye kuhukumu kwa macho na masikio peke yake humtukuza mwigizaji, na humdhulumu mkweli asiyejaliwa ufasaha.

Tazama mfano wa nchi yetu wenyewe. Kabla ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2002, muungano wa NARC, uliomsimamisha Mwai Kibaki, uliahidi mambo mengi. Miongoni mwao yalikuwa elimu ya msingi bila malipo, na katiba mpya katika muda wa siku 100. Ahadi ya kwanza ilitimizwa upesi. Mwezi wa Januari 2003 milango ya shule ilifunguliwa, na watoto zaidi ya milioni 1 waliokuwa nje wakaingia. Mwaka wa 2004 hata Kimani Maruge, mzee aliyesema ana miaka 84, aliketi katika darasa la kwanza. Ahadi ya pili haikuwa hivyo. Siku 100 zilipita. Mwaka wa 2005 wananchi waliikataa rasimu katika kura ya maoni. Na katiba mpya ilizinduliwa tarehe 27 Agosti 2010.

Ahadi hizo mbili zilitoka jukwaa moja na kushangiliwa na watu wale wale. Nani angaliweza kuzibagua kwa kutazama nyuso za wasemaji? Wala hatuna haki ya kusema kwamba ile iliyochelewa ilikuwa uongo; yamkini waliitoa kwa nia safi. Tofauti ilikuwa katika jambo lenyewe. Kufuta karo kulikuwa katika uwezo wa serikali. Kuandika katiba kulihitaji mapatano ya watu wengi wenye matakwa mbalimbali. Hata karo ilipofutwa, madarasa yalifurika na walimu hawakutosha. Hapa twajifunza kwamba nia njema haitoshi. Ahadi ni deni, na mtu akopaye bila kuhesabu mali yake humwumiza mkopeshaji, ajapokuwa hakukusudia kumwibia.

Kwa hiyo mpime mgombea kwa maswali machache. Alitenda nini kabla hajaitaka kura yako? Je, anenayo mjini ndiyo anenayo kijijini? Akiahidi jambo, hutaja gharama yake na mahali fedha zitakapotoka? Je, amepata kuwaambia wasikilizaji wake neno wasilolipenda? Hili la mwisho ni kipimo kikubwa, kwa maana msemaji wa uongo hutafuta makofi, lakini msemaji wa kweli mara nyingine huyapoteza.

Huenda mtu akasema, "Moyo wa binadamu aujua Mungu, sisi tutazame sera tu." Neno hili lina kweli ndani yake, lakini halikamiliki. Kesho huja na ukame, maradhi au ugomvi ambao haukuandikwa katika sera yoyote. Siku hiyo hatutakuwa na ahadi ya kusoma. Tutakuwa na mtu tuliyemchagua na tabia yake.

Lakini haki yadai tujihukumu na sisi pia. Mgombea hujifunza kwetu. Tukimzomea anayesema kwamba barabara itachukua miaka mitano, na kumbeba begani anayesema itakuwa tayari mwezi ujao, tumewafundisha wote wawili kusema uongo. Tukiipokea noti yake, tumeuza haki ya kumwuliza. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya mwaka wa 2016 humhesabu mpiga kura anayepokea hongo kuwa mkosa, si mtoaji peke yake. Hupendi kudanganywa, je, wapenda kuambiwa kweli? Hayo ni mambo mawili.

Huna haja ya kungoja miaka 18 ili uanze. Shuleni mwako huchaguliwa viongozi wa wanafunzi. Atakapokuja mmoja kuahidi nyama kila siku, na mwingine akaahidi tu kuyafikisha malalamiko yenu kwa mwalimu mkuu bila kuyapunguza, sikiliza moyo wako unavyompigia makofi yule wa kwanza. Kisha fikiri, ndipo upige kura.