Mpangaji ana deni gani kwa udongo?

Wengi wetu hapa Kaptembwo ni wapangaji, na sheria zake tunazijua bila kuandikiwa. Hupaki rangi keja isiyo yako. Bomba likivuja, unamngoja mwenye ploti. Ukihama unabeba vyako, basi. Fikra hiyo hiyo tunaenda nayo hadi Bahati au Njoro tunapokodi nusu eka tupande nyanya. Shamba ni la msimu mmoja tu. Kwa nini nilishe udongo wa mtu?

Nilianza kulichukulia swali hilo kwa uzito msimu nilipolima na marafiki wawili, tukaona nyanya za jirani zikinyauka. Majani ya chini yaligeuka manjano, mengine upande mmoja tu wa mmea. Ukipasua shina, ndani ni kahawia. Ni mnyauko wa Fusariamu, kuvu inayoingia kwa mizizi na kuziba njia za maji. Chembe zake hukaa udongoni miaka mingi hata pasipo nyanya. Mkataba wangu ni wa miezi sita. Wa kuvu hauna tarehe ya mwisho.

Kuna jibu la haraka: ua kila kitu. Hapa Kenya, mashamba ya maua yaliwahi kufukiza udongo kwa gesi ya methili bromidi. Gesi hiyo huharibu tabaka la ozoni, kwa hiyo mwaka wa 1992 iliingizwa katika Mkataba wa Montreal, na nchi zinazoendelea zikapewa hadi 2015 kuacha kuitumia hivyo. Lakini hata tukiweka ozoni kando, gesi haichagui: inaua wabaya na wazuri pamoja. Kuvu ikirudi na mche au matope ya gambuti, inakuta nyumba tupu na kuenea bila mpinzani.

Udongo wenye afya ni kama ploti iliyojaa: mgeni hapati chumba kirahisi. Trikoderma, ambayo pia ni kuvu, hukaa karibu na mizizi, hugombania chakula, hujizungusha kwenye nyuzi za kuvu nyingine, huziyeyusha na kuzila. Inauzwa kwa agroveti, lakini haifufui mmea ulioshanyauka, na bila mboji au samadi haina maisha marefu. Inataka pia kubadilisha mazao na kupanda mbegu zinazostahimili ugonjwa. Yaani inataka muda, na muda ndicho kitu mpangaji hana.

Sasa tuseme ukweli. Samadi ni pesa, lori ni pesa, na faida huenda ikaonekana msimu ujao mtu mwingine akiwa shambani, au mwenye shamba akapandisha kodi kwa sababu udongo umenona. Sikubali mahubiri yanayomtaka mpangaji maskini atajirishe ardhi ya mwenzake bure.

Ila kuna madeni mawili hapa, na tunayachanganya. Kuboresha ni jambo la kupatana: nipe miaka mitatu, au nipunguzie kodi kwa kila lori la samadi. Kutodhuru ni kitu kingine. Kung'oa mimea iliyougua badala ya kuiacha ioze shambani, kuosha jembe na gambuti kabla ya kuingia shamba lingine: haya hayangoji mkataba mrefu.

Na kusema. Hapo ndipo pagumu. Ukitangaza kwamba shamba lina mnyauko, mwenyewe atakasirika, maana bei itashuka. Ukinyamaza, atakuja msee mwingine kutoka mtaa huu huu, na akiba aliyotoa kwa chama, apande nyanya, na zianze kunyauka akiwa tayari ashanunua mbegu na dawa. Hutajua jina lake. Lakini kutomjua hakukupunguzii deni, kwa sababu wewe ulijua na yeye hakujua.

Aliyenunua ardhi alinunua haki ya kukodisha. Hakununua haki ya kukufunga mdomo. Kwa hiyo msimu ukiisha, mwambie anayekuja: hapa nyanya zilinyauka, anza na mahindi. Mwenye shamba akiudhika, na audhike. Hasira yake itapoa kabla ya msimu ujao. Chembe za ile kuvu bado zitakuwa pale chini.