Njia ya Changarawe na Waliotangulia

Apangaye siku nzima ya baiskeli katika msitu wa Port Gamble, jimbo la Washington, Marekani, huanza na ratiba ya kivuko: Edmonds hadi Kingston, safari ya nusu saa hivi, na chombo cha mwisho cha kurudia. Kisha huhesabu maji, chakula, pampu na mpira wa akiba. Aghalabu hesabu huishia hapo.

Ila changarawe ile haikumwagwa kwa ajili ya matembezi. Msitu ulikuwa wa wakata mbao, na magogo yalikuwa riziki ya kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1853, kikafungwa 1995. Nacho kiwanda kilisimama penye kijiji cha watu wa S'Klallam, wakahamishiwa ng'ambo ya ghuba, waliko wajukuu zao hadi leo.

Je, mgeni wa siku moja anadaiwa nini? Kusema kwamba si yeye aliyewahamisha ni kweli, tena ni jibu jepesi mno. Mtu wa kisiwani, aliyeona fukwe zikigeuka kuwa za wageni, hatalipokea. Deni lenyewe si la fedha. Asiuite msitu ule mtupu, basi; na katika ratiba yake iwepo saa ya kusimama pale kilipokuwa kiwanda. Ng'ambo inaonekana.