Matumaini Yasiyongoja Kupona

Mtu akienda kumjulia hali mgonjwa wa kansa iliyosambaa, iwe Musoma mjini au kijijini Bunda, huwa na maneno yake tayari: "Jipe moyo, mama, utapona tu." Huyasema kwa upendo. Lakini ndani yake mna dai zito, kwamba moyo mchangamfu hutibu. Likiwa kweli, basi anayekufa amekufa kwa kutojipa moyo wa kutosha, na juu ya maumivu yake tunamtwisha lawama.

Dai hilo limewahi kupimwa. Mwaka 2007, James Coyne wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania na wenzake walitoa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 1,093 wa saratani za kichwa na shingo. Hali ya moyo ya mgonjwa haikuonyesha nani angeishi zaidi.

Je, matumaini ni bure? Hapana. Tumeyaelekeza kusiko.

Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, aligundulika kuwa na saratani ya damu mwaka 1998. Tangu 1996 alikuwa mpatanishi wa Warundi, na mazungumzo ya Arusha ndiyo kwanza yalikuwa yameanza. Hakuyaacha. Aliendelea nayo hadi 1999, alipokwenda kutibiwa London na kufariki huko tarehe 14 Oktoba. Yapo maneno ambayo Watanzania husimuliana kuwa aliyasema akiugua, na hayana uchangamfu wowote: kwamba alijua hatapona, na alisikitika kuwaacha watu wake. Majonzi hayakuyafukuza matumaini, yalikaa nayo.

Msomaji ataniambia mfano huu ni rahisi, maana mkataba wa amani ya Burundi ulisainiwa Arusha tarehe 28 Agosti 2000, Nelson Mandela akiwa ameshika upatanishi. Kumbe kazi ilizaa. Lakini makundi makubwa ya waasi hayakusaini, na vita viliendelea kwa miaka. Kama matumaini yangepimwa kwa matokeo, ya Mwalimu yangekuwa sahihi mwaka huu na makosa mwaka ujao. Matumaini si utabiri. Ni kuamua kwamba jambo fulani linastahili jasho lako hata kama mwisho wake hutauona.

Kwa maana hiyo hayahitaji cheo. Mama wa Bunda anayepanda muhogo, akijua watakaouchimba ni wanawe, anayo, hata siku anayoshinda akilia.

Na asiye na nguvu hata za kuinuka? Huyo bado anaweza kuusia: shamba lilimwe na nani, mtoto yupi asikatishwe shule. Ila kuusia kunadai vitu viwili ambavyo mgonjwa hawezi kujipa. Kwanza ni nafuu, kwa kuwa anayeugulia maumivu usiku kucha hana nafasi ya kuwaza shamba wala ada. Pili ni mtu wa kuupokea wosia. Hapo ndipo "jipe moyo" inapokosea zaidi: inamwachia mgonjwa peke yake kazi ambayo nusu yake ni yetu. Nauli ya kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, mofini ya kutuliza maumivu, na subira ya kumsikiliza anapogawa shughuli zake ni sehemu ya matumaini yake. Anayekwenda kumjulia hali na aulize, "Mama, ni jambo gani ungependa tulishike?" Kisha alishike.