Televisheni ya Saa Moja Asubuhi

Kwa muda wa miezi 18, wakazi wa Aberhosan, kijiji kidogo katika jimbo la Powys huko Wales, waliamka wakiwa na intaneti, na ilipofika saa moja asubuhi ikawaponyoka. Wengine iliwakatikia kabisa, wengine ikabaki kusuasua. Mafundi wa Openreach, kampuni inayotunza nyaya za simu nchini Uingereza, walikwenda na kurudi. Walipima laini wakazikuta hazina kasoro. Wakabadilisha nyaya, tena si kipande kimoja, na saa moja ilipofika intaneti ikaondoka vilevile.

Mwaka 2020 likaja kundi jingine la wahandisi, safari hii na mashine ya kupimia mawimbi ya umeme yanayozagaa hewani. Walianza kuzunguka kijijini saa kumi na mbili alfajiri, mvua inawanyeshea kwelikweli. Saa moja ilipotimia, mashine ikanasa kelele kubwa ya umeme. Wakaifuatilia hadi kwenye nyumba moja, na ndani ya nyumba hiyo hadi kwenye televisheni kuukuu ambayo mwenyewe alikuwa na mazoea ya kuiwasha kila asubuhi saa hiyo. Alipoelezwa aliona haya sana, akakubali kuizima na kutoiwasha tena. Tatizo likaisha. Sidhani kama anastahili lawama: hakuna kifaa kinachoandikwa mgongoni kwamba kitawakatia majirani intaneti.

Watu waliicheka habari hiyo kama kituko cha mashambani. Mimi naona ingefaa ichapishwe ndani ya kila boksi la modemu ya laini ya simu, mahali pa vile vitabu vya maelekezo vyenye picha za familia zinazotabasamu. Mtu anayefunga modemu yake huchukulia kwamba akishachomeka waya na kuandika jina na neno la siri alilopewa, kazi yake imekwisha, na hitilafu yoyote baada ya hapo iko nguzoni au ofisini kwa kampuni. Huko Aberhosan mafundi walibadilisha hadi nyaya za nje kwa dhana hiyo, na kosa lilikuwa sebuleni kwa mtu.

Sauti ya mtu kwenye simu hutumia masafa ya chini tu, yasiyozidi kilohezi 4. Waya wa shaba unaweza kubeba mengi zaidi ya hayo, na ADSL, yaani intaneti inayopita kwenye laini ya simu, imejengwa juu ya nafasi hiyo iliyoachwa wazi: data unazopandisha hupita kuanzia kilohezi 26 hivi hadi 138, na unazoshusha huanzia hapo hadi 1,104. ADSL2+ iliyokuja baadaye hufika mara mbili ya hapo. Ndiyo maana unaweza kuongea na shangazi huku mtoto akiendelea kupakua video kwenye waya uleule. Lakini masafa hayo yana wapangaji wengine. Redio za masafa ya kati zimo humo, na humo ndimo vifaa vya umeme vilivyochakaa humwaga kelele zao. Waya uliotundikwa nguzoni kwa kilomita kadhaa unazinasa zote, kwa sababu umbo lake ni la antena hata kama kazi yake si hiyo.

Modemu ya ADSL ya kawaida hujitetea kwa kugawa nafasi yake katika vijia 256 na kupima kila kimoja kinaweza kubeba mzigo gani. Kelele ya kudumu inaizoea: hubeba kidogo penye kelele na kingi penye utulivu. Kishindo cha ghafla hakiipi muda wa kupima. Mawasiliano yanavurugika, taa ya DSL inaanza kupepesa, na modemu inalazimika kujipanga upya kutoka mwanzo.

Sasa tuingie ndani ya nyumba, ambako maafa mengi huanza. Pamoja na modemu huja vijiboksi vidogo vya plastiki vyenye mkia wa waya, na watu huviacha kwenye boksi wakidhani ni vya akiba. Hivyo ni vichujio. Kazi yake ni kuzuia simu isiguse masafa ya intaneti, na kila kifaa kinachotumia laini kinahitaji chake: simu ya sebuleni, faksi, king'ora cha wezi, king'amuzi cha televisheni kilichochomekwa kwenye soketi ya simu. King'ora ndicho husahaulika zaidi kwa sababu kilifungwa ukutani na fundi mwingine miaka iliyopita. Simu moja ya chumbani kwa bibi isiyo na kichujio inatosha kuyumbisha intaneti ya nyumba nzima kila bibi anapopigiwa.

Kosa la pili ni kuburuta waya mrefu. Soketi iko mlangoni, kompyuta iko chumba cha mwisho, basi mtu hununua waya bapa wa bei rahisi na kuupitisha chini ya zulia. Nyaya za simu zilizotengenezwa vizuri husokotwa jozi jozi kwa makusudi. Kelele inayoingia kwenye waya mmoja huingia karibu sawasawa kwenye pacha wake, na modemu, ambayo husoma tofauti iliyopo kati ya hizo mbili, haioni kitu. Waya bapa haujasokotwa, kwa hiyo kinga hiyo haipo. Nyumba za zamani za Uingereza zina hila nyingine: waya wa tatu wa kulizia kengele, ambao hauna pacha na huvuruga uwiano wa jozi. Simu nyingi za sasa haziuhitaji, na laini ngapi zimepata nafuu kwa kuuchomoa tu! Ni afadhali modemu ikae karibu na soketi kuu kwa waya mfupi, umbali uliobaki umalizwe na waya wa mtandao au Wi-Fi.

Soketi kuu za Uingereza za aina ya kawaida zina skrubu mbili upande wa chini. Ukizifungua na kuuvuta uso wa soketi, nyuma yake unakuta tundu la majaribio. Modemu iliyochomekwa pale haiunganishwi na nyaya nyingine za nyumba. Kama hitilafu inatoweka, mkosaji yumo kwenye nyaya zako, na hakuna haja ya kugombana na mtu kwenye simu. Kama inabaki, tafuta kelele.

Na kelele ina mpelelezi wa bei nafuu: redio. Wengi wetu Afrika Mashariki tuliiruka hatua ya intaneti ya laini ya simu, tukaingia kwenye intaneti kwa simu ya mkononi, na waliotumia ADSL ya TTCL au Telkom Kenya walikuwa wachache. Lakini aliyewahi kusikiliza mpira kwenye masafa ya kati anaufahamu ule mkwaruzo unaomeza sauti ya mtangazaji mara radi inapopiga. Mkwaruzo huo na ule unaoangusha modemu ni ndugu. Chukua redio ndogo ya betri, itie kwenye masafa ya kati karibu na kilohezi 612, mahali pasipo na kituo, uzunguke nayo nyumbani. Ikianza kunguruma unapokaribia chaja fulani, taa ya mapambo, kamera ya ulinzi au televisheni, kizime kifaa hicho usikilize tena.

Ila redio haitakusaidia ukizunguka nayo wakati mtuhumiwa amezimwa. Andika saa. Mvua na kutu kwenye maungio ya nyaya havina saa maalumu. Intaneti inayokatika saa ileile kila siku inaonyesha kuna mkono wa mtu unaobonyeza swichi, au kifaa chenye saa yake. Wanakijiji wa Aberhosan waliijua saa tangu mwanzo, na ni saa hiyo iliyowafanya wahandisi wawe mvuani mapema wakiwa tayari. Orodha ya saa na tarehe humfaa fundi kuliko malalamiko ya nusu saa.

Jambo moja la kujizuia: usizime na kuwasha modemu kila inapoyumba. Kwenye laini nyingi za Uingereza kuna mfumo unaohesabu laini inakatika mara ngapi, na mara nyingine haujui kama ni wewe umechomoa waya au ni kelele. Ukiona inakatika mno, huamua laini ni dhaifu na kuipunguzia kasi ili itulie. Kwa hiyo hata baada ya kumpata mkosaji na kumzima, usitegemee kasi yako irudi jioni ileile. Iache modemu ikiwaka, bila kuigusa, kwa siku kadhaa, hadi mfumo ukubali kwamba laini imepona.